Yai viza, kinda aliyedumaa: kupima kama tatizo limetoka kwa baba

Kwa shakwe, buabua, albatrosi na pengwini, kazi ya dume haiishii kwenye kupanda. Baba humfikia kinda wake kwa njia tatu, na kila moja huharibika kwa wakati wake. Ya kwanza ni mbegu: zikiwa na kasoro, utaziona kasoro hizo ndani ya yai na siku ya kuanguliwa. Ya pili, kwa shakwe na buabua, ni samaki anaomlisha jike kabla hajataga. Wakipungua, yai hutoka dogo. Ya tatu ni zamu zake za kuatamia na kulisha, na hapo kinda aliyetoka mzima ndiye anayekwama. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza baba ana ugonjwa gani. Uliza mambo yaliharibika siku ya ngapi.

Bila tarehe hakuna uchunguzi. Kila kiota kiwe na kumbukumbu hizi: siku yai lilipotagwa, namba za pete za mguuni za wazazi wote wawili, siku walipoonekana wakipandana mara ya mwisho kabla ya kutaga, urefu na upana wa yai kwa milimita, siku ya kuanguliwa, na uzito wa kinda. Vifaa ni kalipa, mizani inayosoma hadi gramu moja, tochi ndogo isiyotoa joto, na penseli. Wino hulowa.

Onyo kabla hujagusa chochote. Ukikuta ndege kadhaa waliokufa au wanaotetemeka, waliopinda shingo, wasioweza kusimama au wenye macho yenye ukungu, toka kwenye koloni (mahali ndege wengi wanapotagia pamoja) na uwaite wataalamu wa mifugo au wanyamapori. Tangu 2021 mafua makali ya ndege ya H5N1 yameua ndege wa baharini kwa wingi sehemu nyingi za dunia, na binadamu anaweza kuambukizwa. Hata pasipo ugonjwa, kushika ndege wa mwituni na mayai yao kunahitaji kibali.

## Dalili: yai likimulikwa halionyeshi mishipa

Mulika kwenye kivuli kizito, tochi ikigusa upande butu wa yai, kwa sekunde chache tu. Kitiweki, yule shakwe mdogo wa miamba (Rissa tridactyla), huatamia siku 27 hivi, na kufikia siku ya 7 au 8 mishipa inapaswa kuonekana kama mizizi myekundu. Albatrosi wa Laysan huatamia siku 65 hivi, basi mpe muda zaidi. Mayai ya shakwe na buabua yana madoa mazito. Usipoona kitu, rudia baada ya siku tatu kabla ya kuhukumu.

Watu huita viza kila yai lisiloanguliwa, na neno hilo hufunika mambo mawili yasiyofanana: yai ambalo mbegu hazikulifikia, na yai lililorutubishwa ambalo kiinitete chake kilikufa kikiwa kidogo kuliko punje ya mchele. Kwa macho hutayatenganisha. Mayai mengi yanayoandikwa kuwa "hayakurutubishwa" yalirutubishwa, na dume akasingiziwa.

Zifuate sababu kwa mpangilio huu:

Yai lilipoa. Hii ndiyo ya kawaida zaidi. Angalia kama kiota kiliachwa wazi, kama kuna mwewe au panya, kama mtu alipita karibu. Tahadhari moja: petreli wadogo wa dhoruba huacha yai lipoe kwa siku nzima na kiinitete kikabaki hai. Kwa petreli wa dhoruba mwenye mkia wa uma, kuatamia kumechukua kati ya siku 37 na 68. Ukitupa yai lake siku ya 45 umemuua kinda.

Kiinitete kilikufa mapema. Hili huthibitishwa kwa hadubini pekee, kama inavyoelezwa hapa chini.

Walipandana, mbegu hazikuingia. Dume kupanda mgongoni hakutoshi. Jike asipouinua na kuupeleka mkia kando, kloaka (tundu moja chini ya mkia linalopitisha mbegu, mayai na kinyesi) hazigusani. Ukiwa umejificha, hesabu mgusano, usihesabu kupanda. Wapenzi wapya, hasa wanaozaa kwa mara ya kwanza, hukosea sana hapa. Dume mwenye vidonda vya nyayo, tatizo la kawaida kwa pengwini wanaofugwa, hashindwi kwa sababu ya korodani. Anashindwa kusimama juu ya jike bila kuteleza. Tazama nyayo zake kabla ya kufikiria homoni.

Mbegu zilikuwa chache au mbovu. Sababu ni ugonjwa, njaa ya muda mrefu, sumu, au lishe. Kwa ndege wanaofugwa, anza na samaki wa kugandishwa: vitamini E hupungua ghalani, na baadhi ya aina za samaki zina kimeng'enya kinachovunja thiamini (vitamini B1). Kipimo cha kawaida cha kufidia ni miligramu 25 hadi 30 za thiamini na yuniti 100 za vitamini E kwa kila kilo ya samaki. Kwa majogoo inajulikana kwamba kukosa vitamini E kwa muda mrefu huharibu korodani. Korodani za ndege hukua kila msimu na kusinyaa tena, hivyo nyongeza inayoanza wiki ya kutaga imechelewa. Ianze miezi kabla.

### Kulifungua yai

Fanya hivi baada tu ya siku za kuanguliwa kupita kabisa, wazazi wamelitelekeza au msimamizi ameruhusu. Liweke kwenye jokofu la nyuzi 4 hivi. Usiligandishe: barafu hupasua tando, na jibu lote liko kwenye tando.

Livunje taratibu kwenye sahani pana. Kigeuze kiini cha njano kwa kijiko mpaka kidoa cheupe kije juu. Kidoa kidogo, kilichoshikana, chenye kingo zisizo sawa mara nyingi ni cha yai lisilorutubishwa. Kilicho kipana chenye duara kama pete kimeanza kugawanyika. Kwenye yai la kuku, kidoa cha namna ya kwanza ni kama milimita 3, cha namna ya pili 4 hadi 5. Kwa aina nyingine tegemea umbo kuliko kipimo.

Macho hukosea, kwa hiyo endelea. Kata kipande cha utando wa kiini kuzunguka kidoa, upana wa sentimita moja na nusu. Kioshe kwenye maji ya chumvi ya maabara mpaka unjano uishe. Kitandaze kwenye kioo cha hadubini, tia tone la rangi ya Hoechst 33342, kiache gizani dakika chache, kisha tazama kwa mwanga wa urujuanimno. Vichwa vya mbegu huwaka kama vijiti vidogo vya buluu, na nyuklia za seli za kiinitete huwaka kama mchanga uliomwagwa.

Rangi hiyo hushika DNA, yako ikiwemo: vaa glovu, na usiutazame mwanga ule bila kinga ya macho. Kama huna hadubini ya aina hiyo, hapa ndipo pa kusimama na kulipeleka yai maabara.

Nyuklia nyingi zikionekana, yai lilirutubishwa. Lakini usimtakase baba bado. Kwa ndege ni kawaida mbegu nyingi kuingia kwenye yai moja, na vipimo vya kuku na chiriku-pundamilia vimeonyesha kwamba zikiingia chache mno, kiinitete huanza kisha hufa mapema. Basi hesabu pia mbegu zilizonaswa kwenye utando: nyuklia zipo na mbegu ni za kuhesabika kwa vidole, dume bado ni mshukiwa; nyuklia zipo na mbegu zimejaa, angalia joto la kiota na ukaribu wa damu kati ya wazazi. Kama hakuna nyuklia wala mbegu, rudi kwenye mgusano wa kloaka. Yai lililooza likikuonyesha patupu, hilo si ushahidi wa lolote.

## Dalili: mayai ni mengi kuliko kawaida ya aina hiyo

Shakwe anayetaga matatu, kiota kina matano au sita. Kabla ya jambo lolote, hakikisha wazazi wote wawili ni nani. Kwa shakwe, dume na jike hufanana mno. Kinachoamua ni unyoya au tone la damu kwenye kipimo cha DNA.

Jibu la kawaida ni majike wawili wanaoishi kama wenza. Katika kisiwa cha Santa Barbara, California, viota vya namna hii vilionekana kwa shakwe wa magharibi miaka ya 1970. Mwaka 1981 ikachapishwa kazi iliyoonyesha kwamba DDT, sumu ya kuulia wadudu, ikidungwa kwenye mayai ya shakwe, viinitete vya kiume huota tishu za ovari. Hapo afya ya uzazi ya baba iliharibiwa kabla baba mwenyewe hajaanguliwa.

Hata hivyo usikimbilie sumu. Kwa albatrosi wa Laysan wa Oahu, Hawaii, asilimia 31 ya wenza walikuwa majike wawili, na sababu ni uhaba wa madume. Albatrosi hutaga yai moja tu, kwa hiyo mayai mawili kwenye kiota kimoja yanatosha kukushtua, na mojawapo litasukumwa nje kwa sababu ndege huyu hawezi kuatamia mawili. Huna cha kurekebisha kiotani. Ukishuku sumu, wasiliana na maabara ya kemia kabla hujachukua sampuli, maana namna ya kulifunga yai hutegemea kinachotafutwa.

## Dalili: kiinitete kilikua, kikafa katikati au karibu na kuanguliwa

Joto na unyevu huja kwanza, hasa kwenye mashine ya kuatamishia. Pima kwa kipimajoto cha pili; kile kilichojengwa ndani ya mashine ndicho kinachodanganya. Pia hakikisha mayai yanageuzwa. Kinda akiwa ameshatoboa ganda, usimvute kwa haraka: mishipa ya utando bado ina damu, na ukiivunja atavuja mpaka afe. Pasipo maendeleo yoyote kwa muda usio wa kawaida kwa aina yake, mwite daktari wa ndege.

Sababu ya pili ni ndugu kuzaliana, jambo la kutarajia kwenye koloni dogo au kundi la kufugwa. Angalia vitabu vya ukoo.

Ya tatu watu wengi hawaifikirii: mbegu zilizokaa. Jike wa ndege huhifadhi mbegu kwenye virija vidogo vya mfumo wake wa uzazi kwa siku au wiki, na yai hurutubishwa na zilizopo siku hiyo. Dume anaweza kuwa mzima kabisa na mbegu zikawa zimezeeka zikisubiri. Jaribio safi zaidi lilifanywa kwa kitiweki katika kisiwa cha Middleton, Alaska, likachapishwa mwaka 2008. Madume walivalishwa pete maalumu iliyozuia mbegu kuingia, kwa vipindi tofauti kabla ya kutaga, ili mayai yarutubishwe na mbegu za umri tofauti. Kadiri mbegu zilivyokuwa za zamani, ndivyo viinitete vilivyokufa zaidi na makinda waliotoka walivyokuwa na hali mbaya. Aina hii ilichaguliwa kwa makusudi: kwa kitiweki, dume wa nje ya ndoa hapati kinda, kwa hiyo hapakuwa na baba wa pili wa kuvuruga hesabu.

Kwa hiyo fungua daftari. Siku ya mwisho ya kupandana na siku ya kutaga zinaachana kwa kiasi gani, ukilinganisha na viota jirani? Je, dume alipotea, aliumia, au alitengwa wakati huo? Kwa ndege wanaofugwa hili hutokea kirahisi: mtu huwatenganisha wenza kwa matibabu au kwa ukarabati wa banda wiki mbili kabla ya kutaga, kisha mwezi mmoja baadaye kila mtu analaumu mashine. Warudishe pamoja mapema, na usimguse dume siku za karibu na kutaga.

Kuna mawili ya kutodhania kuwa kasoro. Jike wa kitiweki hutema mbegu baada ya kupandwa, tone jeupe likaonekana likidondoka kutoka kwenye kloaka. Hufanya hivyo zaidi mapema msimuni, na inaeleweka kuwa ni njia yake ya kuzikwepa mbegu ambazo zingezeeka. La pili ni petreli na fulma, ndege wa bahari ya mbali: majike wao huenda baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kutaga, na miili yao imezoea kuhifadhi mbegu muda wote huo. Kipimo cha kitiweki usikipeleke kwao.

## Dalili: kinda ameanguliwa mdogo au mnyonge

Mpime ndani ya saa 24, akishakauka. Kitiweki mzima hutoka na gramu 35 hivi. Kisha rudi kwenye vipimo vya yai. Ujazo wake ni 0.51 × urefu × upana × upana, vyote kwa sentimita. Yai la buabua wa kawaida lenye urefu wa 4.1 na upana wa 3.0 lina 0.51 × 4.1 × 9.0, yaani sentimita za ujazo 18.8. Linganisha yai la kwanza na mayai ya kwanza ya jirani, la tatu na ya tatu. Kwa shakwe na buabua la mwisho huwa dogo hata kila kitu kikiwa shwari.

Yai lilikuwa dogo. Hii ndiyo sababu ya kawaida, na hapo ndipo samaki wa baba wanapohusika. Buabua jike, siku za mwisho kabla ya kutaga, hutegemea sana anacholetewa na mwenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1973 ulihusisha ulishaji huo na ukubwa wa mayai na mafanikio ya uzazi. Keti mbali kwa saa mbili asubuhi na mbili alasiri, siku nne au tano kabla ya kutaga, uhesabu samaki wanaomfikia jike mdomoni. Waliochezewa hewani na kumezwa na dume mwenyewe usiwahesabu, na andika pia ukubwa: watano wenye urefu wa mdomo hawalingani na watano wenye urefu mara mbili.

Kwa bubi wa miguu ya buluu (Sula nebouxii), hali ya dume husomeka miguuni. Akikosa chakula kwa saa 48 rangi hufifia, na samaki wabichi huirudisha. Jike huisoma rangi hiyo: huko Isla Isabel, Mexico, watafiti walipoififisha miguu ya madume baada ya yai la kwanza, majike walitaga yai la pili dogo zaidi. Baba hakubadilika mbegu. Mama ndiye aliyepunguza uwekezaji.

Yai la kawaida, kinda mnyonge. Angalia kwanza joto la kuatamia, kisha mbegu zilizokaa kama hapo juu. Dalili inayozitofautisha na njaa ni kwamba kinda ana udhaifu tangu saa ya kwanza, kabla hajahitaji kulishwa.

Mnyonge wa mwituni hatibiwi kwa kumwongezea samaki kiotani. Harufu na msukosuko huleta adui. Wa kufugwa, mpe joto kwanza, chakula baadaye. Asiyeinua kichwa baada ya kupata joto ni wa daktari.

## Dalili: alianza vizuri, uzito umesimama

Mpime kila siku saa ileile, kabla ya mlo. Katikati ya ukuaji kitiweki huongeza gramu 15 hivi kwa siku. Siku moja ya kusimama haina maana. Tatu mfululizo zina maana.

Tazama majirani kabla ya baba. Kama viota vingi vimekwama wiki hiyohiyo, samaki wameondoka, na hakuna dume wa kulaumiwa. Kama ni kiota kimoja, angalia kama ni kinda wa pili: mkubwa humnyang'anya na hata humfukuza kiotani. Kagua kupe masikioni na kati ya vidole. Kisha hesabu zamu, nani alileta chakula na mara ngapi. Mzazi mmoja akitoweka, mwingine hulazimika kuchagua kati ya kuwinda na kulinda.

Pima bawa pia. Bawa likiendelea kurefuka huku uzito ukisimama, kinda anabaniwa chakula. Bawa na uzito vikikwama pamoja, shuku ugonjwa au kasoro ya tangu yai.

Kwa wengine, baba kuondoka ni desturi. Dume wa frigeti mkubwa mwekundu-koo (Fregata magnificens) humwachia jike kinda mapema, na jike huendelea peke yake kwa miezi mingi. Dume wa pengwini mfalme-mkuu wa Antaktiki huatamia karibu siku 65 bila kula. Jike akichelewa mno kurudi, dume huondoka kwa sababu mwili wake umefika mwisho wa akiba.

Dume aliye hai, asiye na jeraha, lakini hajali kinda, ni kesi ya maabara. Huko Svalbard, kitiweki wenye zebaki nyingi zaidi kwenye damu walikuwa na uwezekano mkubwa wa kuruka msimu wa kuzaa kabisa. Damu ichukuliwe na aliyefunzwa. Ndege wa gramu 400 havumilii makosa ya sindano.

## Dalili: hakuna dalili, ila baba ni mzee

Kwenye koloni la buabua wa kawaida la Wilhelmshaven, Ujerumani, utafiti wa 2018 ulikuta makinda wa baba wazee wana telomea fupi zaidi, yaani zile ncha zinazolinda kromosomu. Umri wa mama haukuonyesha hivyo. Kinda wa namna hii anaweza kuwa na uzito mzuri na bawa zuri, na mizani isikuambie kitu. Hakuna tiba ya kiotani. Mvalishe pete kabla hajaruka, na kwenye mstari wake daftarini andika mwaka ambao baba mwenyewe alivalishwa yake.